Ganuni ndani ya laptopu: shajara ya mradi

Kwa atakayeanzia hapa. Kikundi chetu cha taarabu hapa Unguja kina mpiga ganuni mmoja tu, Mwalimu wetu, na mkono wake wa kulia umeanza kumuuma. Ganuni yake ina nyuzi 78, tatu tatu kwa kila noti, yaani noti 26. Mwaka 2021 tulikaa naye siku nne chumbani, madirisha tumeyaziba kwa magodoro, tukarekodi kila noti mara mbili: mguso laini na mguso mkali. Zikatoka sampuli 52, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa. Nikazipanga kwa programu ya Polyphone, ikawa saundifonti moja, faili linalobeba sampuli zote, ya karibu MB 60. FluidSynth, sinthesaiza ya programu, ndiyo inayoipiga, ndani ya laptopu ya mtumba yenye mfumo wa uendeshaji wa Debian. Kijana wetu wa kinanda anabonyeza kinanda cha USB, na kwenye spika inatoka ganuni ya Mwalimu wetu.

Njia ya sauti ni ndefu. Kinanda kinaingia kwenye USB, kerneli, kiini cha mfumo, inakipokea kupitia ALSA, sehemu yake ya sauti, FluidSynth inapewa noti, inatengeneza sauti na kuikabidhi kwa draiva ya sauti, draiva inaipeleka kwenye kadi. Mfumo wa uendeshaji ukiboreshwa, pahala fulani kwenye njia hiyo hukatika. Nimeamua kuandika kila kukatika, ili safari ijayo nisianze upya.

Jumamosi, 15 Julai 2023

Debian 12 ilitoka tarehe 10 Juni. Nilisubiri mwezi mzima, na leo nimeipandisha laptopu ya mazoezi kutoka Debian 11. Kazi ilikwenda vizuri, saa mbili na nusu kwa intaneti ya nyumbani.

Kwenye Debian 11 FluidSynth nilikuwa nimeikompaili mwenyewe. Leo nimeiondoa hiyo na kuweka kifurushi cha Debian, toleo 2.3.1, nipunguze mzigo wa kuitunza. Eneokazi langu ni GNOME, na katika Debian 12 GNOME imehama kutoka PulseAudio kwenda PipeWire, programu zinazopokea sauti za programu nyingine na kuzipeleka kwenye kadi. Nilijua hilo tangu mwanzo. Nikawasha, nikabonyeza kinanda, sauti ikatoka. Nikafunga laptopu na moyo mweupe.

Jumapili, 16 Julai 2023

Mazoezi ya jioni. Tumepiga bashrafu moja ya kufungulia, kisha wimbo wa pili. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni, mkono ameuweka mapajani. Katikati ya wimbo akainua kidole.

"Mwanangu, hii si Rasti." Rasti ni maqamu, yaani ngazi ya noti, ya wimbo ule.

Nikamwambia, "Mwalimu, ni ileile ya wiki iliyopita, sijaigusa."

"Basi imeguswa na mwengine. Hiyo ya tatu imepanda. Na ganuni yenyewe si yangu."

Kijana wa kinanda hakuwa amesikia tofauti. Mimi mwenyewe, nasema kweli, sikuwa nimesikia. Tukasimama, fidla na udi wakaendelea bila sisi. Nimerudi nyumbani na laptopu kwapani.

Jumatatu, 17 Julai 2023

Leo nimeelewa, na nataka kulieleza hili kwa kirefu, kwa sababu kosa hili ni baya kuliko ukimya. Laptopu ikinyamaza, kila mtu anajua kuna tatizo. Hapa ilitoa sauti, nzuri tu, isiyo yetu.

Kwanza nieleze kwa nini ilifanana. MIDI ni lugha ambayo vinanda na kompyuta hupeana noti. Orodha yake ya ala, General MIDI ya mwaka 1991, ina nafasi 128, na ganuni haimo. Nafasi ya 16 imepewa ala ya Ulaya ya nyuzi zinazogongwa kwa vijiti, dulcimer, ndugu wa mbali wa ganuni. Nilipotengeneza saundifonti yetu niliiweka ganuni papo hapo, ili faili la MIDI likifunguliwa kwenye kompyuta ya mtu mwingine litoe kitu cha kukaribia. Nilidhani ni busara. Jana ndiyo iliyonificha kosa.

Sasa kilichotokea. Skripti yangu ya tangu 2021 ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza inaiwasha FluidSynth kwa draiva ya ALSA moja kwa moja kwenye kadi, bila kupitia mtu wa kati:

fluidsynth -is -a alsa -o audio.alsa.device=hw:0 -f rasti.txt ganuni.sf2

Ya pili inaunganisha kinanda na sinthesaiza kwa namba:

aconnect 20:0 128:0

Kifurushi cha FluidSynth huja na huduma yake ya systemd, msimamizi wa huduma za mfumo, inayojiwasha mtumiaji anapoingia. Huduma hiyo haijui chochote kuhusu ganuni. Inapakia saundifonti ya kawaida ya mfumo na kukaa ikisubiri noti. Wakati inasubiri, haitulii: kila sekunde inapeleka ukimya kwa PipeWire, na PipeWire inaendelea kuishika kadi. Kama kusingekuwa na anayepiga, kadi ingeachiliwa baada ya sekunde chache. Kwa hiyo FluidSynth yangu ilipofika mlangoni ilikuta kadi imeshikwa, ikaandika "Device or resource busy" na kufa. Ujumbe huo sikuuona kwa sababu miaka miwili iliyopita nilielekeza ujumbe wote /dev/null, pahala pa kutupia, nikiona unachafua skrini.

Hatua ya pili ikaendelea kana kwamba hapana kitu. Namba 128 ni ya kwanza ambayo ALSA huipa programu ya mtumiaji inapoingia kwenye sequencer, kituo chake cha kupitishia noti, na anayewahi ndiye anayepewa. Siku zote aliyewahi alikuwa FluidSynth yangu. Safari hii aliyewahi alikuwa huduma ya kifurushi. Kinanda kikaunganishwa naye, nafasi ya 16 ikaitwa, nyuzi za Ulaya zikaitika.

Amri mbili zingenionyesha yote haya kwa nusu dakika:

aconnect -l
fuser -v /dev/snd/*

Ya kwanza inaonyesha nani ana namba gani, ya pili inaonyesha nani ameshika kadi. Nimeziandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mfuniko wa laptopu.

Hakuna aliyenivunjia ahadi. Hakuna pahala palipoandikwa kwamba FluidSynth yangu itakuwa 128 daima, wala kwamba kadi ya spika itabaki hw:0. Namba hizo zilikaa hivyo miaka miwili, nami nikazichukua kuwa sheria.

Jumatano, 19 Julai 2023

Marekebisho. Kwanza nimeifunga huduma ya kifurushi:

systemctl --user mask fluidsynth

Nilijaribu kwanza kwa disable. Haikutosha, kwa sababu huduma hii imewashwa kwa watumiaji wote chini ya /etc/systemd/user, na disable ya mtumiaji mmoja haifiki huko. Mask inaifunga kabisa.

Kisha nimeandika huduma yangu, ganuni.service, ili systemd iisimamie badala ya skripti. FluidSynth ikifa, hatua ya kuunganisha kinanda haifanyiki, na sababu ya kifo inabaki kwenye kumbukumbu za systemd, inasomeka kwa journalctl.

La tatu ni majina. FluidSynth ina mpangilio wa midi.alsa_seq.id. Nikiuwekea neno ganuni, kwenye orodha inajitokeza kama "FLUID Synth (ganuni)", na aconnect inakubali jina hilo badala ya namba. Kinanda nacho nakiita kwa jina lake la USB. Tangu leo hakuna namba hata moja kwenye mradi huu, isipokuwa za muziki.

La nne, nimeacha kugombania kadi. Draiva sasa ni pipewire badala ya alsa ya moja kwa moja. FluidSynth inayo tangu mfululizo wa 2.3. Ukiandika fluidsynth -a help utaona draiva zilizomo kwenye nakala yako.

Alhamisi, 20 Julai 2023

Mpiga dumbak amekuja nyumbani kunijaribia. Dakika ya kwanza tu: "Kaka, kinanda kinachelewa. Mimi nimeshafika, chenyewe bado kinakuja."

Yuko sawa. PipeWire kwa kawaida hukusanya vipande 1024 kwa kasi ya 48000 kwa sekunde, sawa na milisekunde 21 na kidogo kabla sauti haijatoka, na hapo sijahesabu kuchelewa kwa USB na spika. Kwenye wimbo wa pole pole mtu anavumilia. Kwenye kidumbak, hapana. Nimeweka PIPEWIRE_LATENCY=128/48000 ndani ya huduma, milisekunde 2.7, na laptopu ikaanza kutoa mikwaruzo. Kwa 256, milisekunde 5.3, imetulia. Mpiga dumbak amepiga robo saa bila kulalamika, akaomba chai.

Nimebadilisha pia kasi ya FluidSynth kutoka 44100 iwe 48000, ilingane na PipeWire, isiwe sauti inatafsiriwa njiani bila sababu. Sampuli zetu zenyewe zilirekodiwa kwa 48000.

Jumamosi, 22 Julai 2023

Siku ya kupima Rasti.

Kinanda cha kawaida kinagawa okta sehemu 12 sawa. Maqamu hayakai humo. Rasti ikianzia C, noti yake ya tatu iko kati ya E na E iliyoshushwa nusu toni, na ya saba iko kati ya B na B iliyoshushwa nusu toni. Taarabu ya Unguja ilirithi masikio hayo kutoka Misri tangu enzi za Sultani Barghash, na klabu ya Ikhwani Safaa imekuwa ikiyalinda tangu 1905. Sinthesaiza isiyoweza kuteremsha E hadi pale haina kazi kwetu, hata kama sampuli zake ni tamu namna gani.

FluidSynth inaweza. Faili rasti.txt lina mistari ya namna hii:

tuning rasti 0 0
tune 0 0 64 6350
tune 0 0 71 7050
settuning 0 0 0

64 ni E iliyo juu ya C ya kati. Kwa kawaida inakaa kwenye senti 6400 (senti 100 ni hatua moja ya kinanda), hapa nimeishusha 50. 71 ni B. Mistari hiyo inarudiwa kwa kila okta, kwa sababu FluidSynth inahesabu ufunguo mmoja mmoja. Wiki iliyopita sinthesaiza iliyoshika kinanda haikuwahi kulisoma faili hili, na ndiyo maana "ya tatu ilipanda": ilirudi kuwa E ya kawaida.

Mwalimu amekaa nami tangu baada ya adhuhuri. Nilimpigia E kwa 6350, nusu kamili kama nilivyosoma. Akatikisa kichwa. "Pandisha kidogo. Kidogo. Umepita, rudi." Tulikwenda senti tano tano. Alipokubali, namba ilikuwa 6360. Nikamficha skrini, nikambadilishia kwa siri, nikarudisha, nikambadilishia tena. Mara zote nne alirudi pale pale. Kwa B hakuwa na neno, akaiacha 7050.

Nimekaa miaka miwili na namba ya vitabuni, nikidhani kazi ya kulinganisha imekwisha. Bila hili balaa la wiki iliyopita nisingemwita.

Jumapili, 30 Julai 2023

Sasa nina jaribio. Masikio ya Mwalimu hayatakuwepo kila ninapoboresha mfumo, nami yangu yamethibitika hayatoshi.

Faili dogo la MIDI lina noti tatu, kila moja sekunde mbili: C, E, B. Skripti inalipiga kwa aplaymidi kupitia njia ileile anayopita kinanda, kwa jina lilelile, inarekodi kinachotoka kwa pw-record, kisha aubiopitch inasoma mtetemo. E ya kawaida ni 329.6 Hz. E ya Mwalimu ni 322.1. Nikipata 329 na ushee, najua ninayemsikia ni mwengine. Nikipata 322, saundifonti, faili la maqamu, muunganisho na draiva vyote vimepita, kwa sababu mtetemo huo hauwezi kupatikana kwa bahati.

Mwanzoni nilitaka kuitengeneza WAV moja kwa moja kwa chaguo la -F, ni haraka zaidi. Nimeacha. Njia hiyo inaruka draiva ya sauti na inaruka sequencer, na humo ndimo kulikokatika.

Jumamosi, 5 Agosti 2023

Jaribio limepita mara kumi, baada ya kuzima na kuwasha mara kumi. Jioni tumepiga harusini. Hakuna la kuandika.

Jumamosi, 13 Septemba 2025

Miaka miwili kimya. Debian 13 ilitoka tarehe 9 Agosti, na leo nimepandisha.

Kilichobadilika ndani ni kikubwa: kerneli kutoka 6.1 hadi 6.12, na ALSA ya kerneli sasa inafahamu MIDI 2.0, jambo lililoingia tangu 6.5. PipeWire imefika 1.4, nayo imehamia kwenye muundo mpya wa ujumbe wa MIDI. Nilikuwa na hofu, maana hapo panaguswa njia yetu yote. Kinanda chetu ni cha MIDI 1.0 tu, cha zamani, na mfumo umekipokea kama kilivyo.

aconnect -l inaonyesha namba zimehama tena. FluidSynth yetu si 128. Haikudhuru kitu, majina yameshika. Jaribio: C sawa, E 322.1, B 479.8. Dakika nne, pamoja na kuchemsha maji.

Jambo moja dogo limejitokeza. Saundifonti naitunza kwenye flashi, na huduma inainakili /tmp kabla ya kuwaka, kwa sababu flashi ile ni nzito kusoma. Katika Debian 13 /tmp imehamia kwenye RAM. FluidSynth nayo hupakia sampuli zote kwenye RAM. Kwa hiyo ganuni na saundifonti kubwa ya ala nyingine, jumla karibu MB 200, zilikuwa zinakaa mara mbili kwenye laptopu yenye GB 4. Haikuleta mikwaruzo, ila nimehamishia nakala kwenye folda ya nyumbani, imekwisha. Anayebanwa zaidi ajaribu synth.dynamic-sample-loading=1: inapakia sampuli za ala iliyoitwa tu, ingawa kubadilisha ala katikati ya wimbo kutachukua muda.

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Nimebaki na laptopu ndogo ya pili, ile ya akiba. Ni ya biti 32, na Debian 13 haitoi tena kerneli wala kisakinishi cha i386. Maana yake inabaki kwenye 12.

Kwenye kikundi wapo wanaosema mashine ya jukwaani isiboreshwe kabisa, ikishapiga vizuri ifungwe. Nimelifikiria sana. Kwa laptopu kubwa nakataa, kwa sababu kijana wa kinanda anaitumia pia kupakua nyimbo na kusoma barua pepe, na mashine iliyo kwenye intaneti bila masasisho ni mlango wazi. Kwa hii ndogo nakubali, kwa sharti moja: haiingii mtandaoni tena. Nimeondoa kadi yake ya Wi-Fi kwa bisibisi. Nimechukua picha kamili ya diski, nakala mbili, moja nyumbani kwangu na moja kwa mweka hazina. Jaribio la noti tatu limo humo humo, na karatasi ya amri mbili nimeibandika mfunikoni kama kwenye kubwa.

Ijumaa, 19 Septemba 2025

Mwalimu amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Mkono umekuwa mzito zaidi, siku hizi hapigi hata nusu wimbo. Amesikiliza Rasti, ameridhika, kisha akaniuliza Bayati, maqamu nyingine, iko wapi.

Bayati ikianzia D, E yake ni jirani na ile ya Rasti lakini inakaa chini kidogo. Mimi nilikuwa nimewapa zote E moja. Ameomba kiti, tumeanza. Nimefungua meza ya pili, tuning bayati 0 1, ili kijana aweze kuhama kutoka moja kwenda nyingine kwa settuning 0 0 1 wimbo unapobadilika. Leo tumefika 6345, naye hajakubali bado. Amechoka, tumepanga Jumapili asubuhi.